Stiki za gofu alizoacha mzee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Matanga yakishaisha watu wanaanza kufungua stoo, na hapo ndipo begi la gofu linatokea, vumbi tupu, zipu imeganda, ndani stiki ambazo hakuna mtoto hata mmoja anayejua mzee alizipata wapi. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu kuzitambua na kujua bei yake. Ombi langu moja kabla hujaendelea: usizisafishe bado, hata kama zinakukera kwa uchafu, soma kwanza.

Sijui chochote kuhusu gofu. Nianzie wapi?

Anza na mpini. Ni mbao au ni chuma? Hilo swali peke yake linakupa nusu ya jibu. Zamani mipini ilichongwa kwa mti unaoitwa hikori, mti mgumu wa Marekani ambao unapinda bila kuvunjika, na ndio uliotawala mpaka miaka ya 1920. Wamarekani waliruhusu mpini wa chuma mwaka 1924, lakini wazee wa klabu ya St Andrews kule Scotland waliosimamia sheria za gofu, yaani R&A, walikataa mpaka 1929, na walikubali baada ya Prince of Wales mwenyewe kucheza na stiki za mpini wa chuma kwenye uwanja wao, sasa wangemfukuza mwana wa mfalme vipi. Baada ya hapo hikori ikaisha madukani ndani ya miaka michache. Kwa hiyo mpini wa mbao kwa kawaida maana yake ni kabla ya katikati ya miaka ya 1930.

Ila angalia hapa, watu wengi wanakosea: stiki nyingi za mpini wa chuma za miaka ya 1930 zilipakwa rangi ya kahawia au kuvishwa ngozi ya plastiki ili zifanane na mbao, kwa sababu wachezaji walikuwa hawajazoea kuona chuma kinang'aa mkononi. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa friji, iguse kwenye mpini. Ikinata, ni chuma kilichovaa nguo ya mbao, basi umri wake unashuka na bei nayo inashuka.

Stiki zangu hazina namba, zina maneno tu kama Mashie na Niblick. Ni nini hizo?

Hayo ndiyo majina ya zamani kabla ya namba. Namba zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1920 viwanda vilipoanza kuuza seti nzima zilizolingana, kabla ya hapo mtu alinunua stiki moja moja, akipenda ya fundi huyu anachukua, akipenda ya yule anaongeza. Kwa kukadiria tu, Cleek inakaribiana na namba 1 ya chuma (hapa chuma ni kichwa, si mpini), Mid-iron na namba 2, Mashie na namba 5, Mashie-Niblick na namba 7, Niblick na namba 9. Upande wa stiki zenye kichwa cha mbao Brassie ni kama namba 2, jina limetokana na bamba la shaba chini ya kichwa, na Spoon ni kama namba 3. Jigger ni ya chuma, nyembamba, ya kusukuma mpira mfupi karibu na kijani, yaani nyasi fupi zenye shimo. Vipimo vyenyewe vilitofautiana fundi kwa fundi kwa hiyo usishangae Mashie mbili zikiwa na uso uliolala tofauti.

Ukiona namba NA jina kwenye kichwa kimoja, uko kwenye kipindi cha mpito, miaka ya 1920 mwishoni kuingia 1930.

Nyuma ya kichwa kuna kaalama kadogo, kama kiko au ua. Ina maana?

Ina maana kubwa kuliko maandishi yote mengine, tafadhali usiipite. Hiyo ni alama ya mhunzi, yaani mtu aliyefua kile chuma kwenye moto. Tatizo ni kwamba jina kubwa unaloliona mara nyingi ni la muuzaji, labda profesheno wa klabu fulani ambaye alinunua vichwa kwa mhunzi, akatia mpini, akapiga muhuri wake juu. Duka la London linaweza kuwa na jina lake pale na chuma kimetoka St Andrews. Kaalama kadogo ndiko kanakosema ukweli.

Kiko ni Tom Stewart wa St Andrews, alianza kazi miaka ya 1890, na kwa maoni yangu hakuna mhunzi wa chuma aliyemshinda. Bobby Jones, yule Mmarekani aliyechukua mashindano yote makubwa manne mwaka 1930, alikuwa na chuma za Stewart kwenye begi lake. Ua la waridi ni Robert Condie, naye wa St Andrews. Mkono ni George Nicoll wa Leven, nyota ni William Gibson wa Kinghorn, mshale ni Anderson wa Anstruther, zote hizo ni pwani ya Fife, eneo dogo sana ambalo lilisambazia dunia nzima stiki. Ukiona manyoya matatu ya Prince of Wales kwenye stiki ya mbao pamoja na jina Forgan, umepata bahati ya tarehe: Robert Forgan alipewa haki ya kutumia manyoya hayo mwaka 1863, na Prince huyo, si yule wa 1929, alipokuwa mfalme Edward VII mwaka 1901 duka la Forgan likabadilisha likaweka taji. Kwa hiyo manyoya ni kabla, taji ni baada. Ni nadra sana kitu cha zamani kikakuambia umri wake waziwazi hivyo.

Upande wa Marekani utaona Spalding, MacGregor wa Dayton, Burke wa Newark Ohio, Wright & Ditson, Wilson. Hawa walikuwa viwanda, walitoa kwa wingi mno, na ndiyo sababu Spalding ya hikori yenye jina Kro-Flite au Gold Medal ni nzuri ukutani lakini haina bei kubwa.

Maneno kama Hand Forged, Warranted, Special na Accurate hayakuambii kitu. Kila mtu aliyapiga.

Yangu imeandikwa "T. Morris St Andrews". Nimetajirika?

Pengine, lakini taratibu. Tom Morris mzee alikuwa na duka pale St Andrews na alifariki mwaka 1908, ila duka lilitoa stiki nyingi zilizotengenezwa na wafanyakazi wake, na liliendelea hata baada yake. Muhuri unaonyesha duka, hauonyeshi mkono wake. Bado zinapendwa na zinalipwa vizuri kuliko za kawaida, hasa zile za mbao zenye kichwa kirefu, nitazieleza chini.

Vivyo hivyo sahihi ya Bobby Jones. Spalding walianza kuuza stiki zenye sahihi yake mwaka 1932 na walizitoa kwa wingi sana miaka mingi. Sahihi ni ya tangazo, mwenyewe hakuzigusa. Puta, yaani stiki ya kusukumia mpira shimoni, inayoitwa Calamity Jane ni hivyohivyo, ya kwake halisi haiko kwenye stoo yenu, ya kwenu ni nakala ya dukani, na baadhi ya nakala hizo zina bei ya kueleweka zikiwa safi.

Umri naujuaje kwa kuangalia kichwa tu?

Geuza uso unaopiga mpira. Uso wa chuma uliolala laini kabisa bila mistari wala vitone mara nyingi ni wa kabla ya mwaka 1905 hivi. Mpira wa raba wa Haskell ulipoingia kuanzia 1899, ule uliofungwa nyuzi za raba ndani, watu waligundua unateleza, wakaanza kuchora vitone na mistari ili uso ushike. Ukiona mifereji mipana na mirefu ndani kama imelimwa, hiyo ni stiki iliyopigwa marufuku. R&A walizikataa mwaka 1921, mwaka huohuo ambao Jock Hutchison alishinda mashindano ya Open ya Uingereza pale St Andrews akiwa nazo, na Wamarekani wakafuata 1924. Wakusanyaji wanazipenda kwa sababu zilitengenezwa kwa miaka michache tu.

Kwa stiki zenye kichwa cha mbao angalia shingo. Kama mpini umeingia kwenye tundu la kichwa, ni ya miaka ya 1890 mwishoni kuja mbele. Kama mpini na kichwa vimechongwa mshazari vikalaliana, vikagundishwa na kufungwa uzi mweusi mrefu, ni mtindo wa zamani zaidi, ingawa wachache waliendelea nao hata miaka ya 1920. Na kama pamoja na hiyo shingo kichwa ni kirefu na chembamba, inchi 5 hivi, uso hauna kimo, na chini mbele kuna kipande cha pembe ya kondoo kimepigiliwa kwa vijiti vya mbao, na nyuma kuna risasi imemiminwa, hapo acha kila kitu, iweke juu ya kitanda, usimpe mtoto, usimwonyeshe dalali. Hizo ndizo stiki za karne ya 19 wanazotafuta watu. Majina ya kuangalia ni Philp, McEwan, Forgan, Park, Morris.

Lakini stiki za Scotland zitafikaje nyumbani kwetu?

Zilifika na Waingereza. Klabu ya Entebbe ni ya 1901, ya Nairobi ilianza 1906 na ikapewa jina la Royal mwaka 1935, Muthaiga ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya 1913, Karen 1937. Wazee wetu waliingia pale kama makedi, kubeba mabegi ya watu juani, si kama wanachama, na wazungu wakiondoka au wakinunua mpya walimwachia kedi za zamani. Wengine walizipata baada ya uhuru, walipokuwa maafisa serikalini na milango ikafunguka. Kwa hiyo begi la mzee linaweza kuwa mchanganyiko kabisa, chuma moja ya 1920, seti ya 1965, puta ya 1980, yaani historia ya miaka sitini kwenye begi moja. Usiichukulie kama seti, ichukulie moja moja.

Kwa uzoefu wangu nyingi tunazokutana nazo huku ni za Uingereza za miaka ya 1950 mpaka 1970: Dunlop, Slazenger, John Letters wa Glasgow, Ben Sayers wa North Berwick, Nicoll zenye sahihi ya Henry Cotton.

Sasa tuambie bei.

Sawa. Nitasema kwa dola kwa sababu soko lenyewe liko nje.

Chuma ya kawaida yenye mpini wa hikori, ya kiwandani au ya mhunzi asiyejulikana sana, mara nyingi ni dola 15 mpaka 50. Najua ulitarajia zaidi, kila mtu anatarajia zaidi akisikia "ina miaka mia", lakini zilitengenezwa kwa mamilioni. Ya Stewart yenye kiko, mpini umenyooka, inaweza kupanda mpaka dola mia na kitu, na sababu ni kwamba kuna watu leo wanacheza gofu kwa hikori, wana vyama na mashindano yao, na wanataka stiki ya kutumia. Hapo kunyooka kwa mpini kunalipa kuliko umri. Za mbao zenye kichwa kirefu zinaanza mamia ya dola na zinaenda maelfu kutegemea fundi. Na juu kabisa, mwaka 2007 wapiga mnada Sotheby's wa New York waliuza puta ndefu ya Andrew Dickson, fundi wa Scotland wa zamani sana, kwa dola 181,000. Hiyo ni moja duniani, naitaja ujue kilele kiko wapi, usiitumie kumpangia bei mnunuzi.

Seti za chuma za miaka ya 60 na 70 za Dunlop na Slazenger, samahani, hazina soko la wakusanyaji. Mpe kijana anayejifunza atazitumia vizuri.

Na ukitafuta bei eBay, usiangalie bei ambayo watu wameomba, mtu anaweza kuomba dola elfu kwa kitu cha ishirini na kikakaa pale miaka. Chagua kuonyeshwa zilizouzwa tayari. Hiyo ndiyo bei.

Zina kutu. Nizisugue?

Hapana. Hapana kabisa. Hapa ndipo thamani nyingi inapotea, na inapotea kwa nia njema, mtoto anataka kumheshimu babu, anampelekea fundi, fundi anaweka kwenye jiwe la kusagia, chuma inarudi inang'aa na alama ya mhunzi imefutika. Hakuna wa kuirudisha. Vumbi litoe kwa kitambaa kikavu laini. Kutu ya unga futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine, kidogo, halafu kausha. Ile rangi ya kahawia iliyokolea iache, wakusanyaji wanaitaka. Usitumie brashi ya waya, msasa wala tindikali, na usipeleke kupakwa kromu.

Mpini wa mbao usiupige msasa wala vanishi, maana mara nyingi muhuri wa muuzaji uko kwenye mbao, chini kidogo ya kishikio, umefifia, na ukipitisha msasa mara mbili umekwisha. Kishikio cha ngozi hata kikiwa kinachanika kiache palepale. Uzi wa shingoni nao.

Zilaze, usiziegemeze ukutani, hikori inapinda. Walioko Mombasa, Tanga na Zanzibar waziweke chumba cha ndani, chumvi ya bahari inakula chuma haraka, na kila mahali kagua bungua, ukiona vitundu vyenye unga mpya chini yake itenge hiyo stiki na zingine.

Kuna puta ya ajabu ajabu. Nayo ni ya zamani?

Puta ziangalie kwa makini kuliko stiki zote maana hata za juzi zinaweza kuwa na bei. Puta yenye kichwa cha alumini na mpini umeingia katikati, imeandikwa Schenectady, ni uvumbuzi uliopewa hataza 1903. Walter Travis alishinda nayo ubingwa wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1904, Mmarekani wa kwanza kulichukua lile kombe, na mwaka 1910 R&A wakaipiga marufuku. Alumini zingine nyingi ni za Mills wa Sunderland, nzuri, bei ya wastani.

Kwa za karibuni tafuta Ping Anser. Karsten Solheim alianza kuziuza katikati ya miaka ya 1960, na zile zilizoandikwa Scottsdale ndizo za mwanzo kabisa, bei yake ni mamia ya dola na kuendelea. Zilizoandikwa Phoenix na namba ya posta ni za baadaye, bei ndogo. Yaani neno moja chini ya kichwa linabadilisha kila kitu. Wilson 8802 ya miaka ya 60 nayo inatafutwa. Bulls Eye ya shaba, nyembamba, ni tamu kutumia ila ziko nyingi.

Ukiona puta au chuma za Ping zenye rangi nyekundunyekundu ya shaba, hiyo inaweza kuwa shaba iliyochanganywa na beriliamu. Kuishika haina neno, ila kuisaga au kuipiga msasa usithubutu, vumbi lake linaharibu mapafu.

Stiki kubwa za mbao za miaka ya 50 na 60 zina thamani?

Angalia kichwa. Ukiona tabaka tabaka kama plaiwudi, bei ni ndogo. Ukiona nyuzi za mti mmoja mzima, ni pasimoni, mbao ya heshima. MacGregor za Tommy Armour za miaka ya 50 ziliwahi kulipwa pesa nyingi sana miaka ya 80, hasa na Wajapani, halafu vichwa vya chuma vikatawala na bei zikaporomoka. Leo nzuri bado inauzwa lakini si kwa bei ile.

Kwenye uso wa yangu kuna kipande cheupe. Ni pembe ya ndovu?

Inawezekana. Mwanzoni mwa karne ya 20 mafundi waliweka vipande vya pembe kwenye stiki za bei, ingawa nyingi baadaye ni plastiki au mfupa. Hili nalisema kwa uzito: Kenya sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali sana kwa kumiliki au kuuza pembe bila kibali, na Tanzania hawana mchezo pia, na kuivusha mpaka ni kosa lingine juu yake. Usiiweke mtandaoni, usiisafirishe, usiijaribu kwa sindano ya moto. Nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize kwanza wewe mwenyewe.

Niuze wapi?

Ya dola 30 usiisafirishe nje, posta ya kitu chenye urefu wa mita itakula yote. Mpe mchezaji hapa, au ulizia klabu ambayo mzee alichezea, wengine wanapenda kuweka vitu vya zamani ukutani na jina la aliyevitoa. Ukishuku ni ya thamani tuma picha kwa wanaoendesha minada ya gofu, kama Mullock's wa Uingereza au Golden Age Auctions wa Marekani, wanaangalia picha na kukuambia kama wanaitaka, halafu wanakata kamisheni ikiuzwa. Kuna pia vyama vya wakusanyaji, Golf Heritage Society ya Marekani iliyoanza 1970, na British Golf Collectors Society.

Mtu akija nyumbani akakuambia atachukua begi zima leo kwa shilingi elfu tano, mwambie arudi wiki ijayo.

Naweza kucheza nazo?

Za mpini wa chuma ndiyo. Za hikori kagua kwanza, zungusha kichwa, kama kinacheza shingoni mbao imenywea kwa ukavu, usipige. Ikiwa imara tumia mpira laini na usipige kwa hasira. Zenye kichwa kirefu, hata mara moja usijaribu.

Tuko ndugu watano na kila mmoja anataka yake. Tugawane?

Mkitaka kugawana kama kumbukumbu gawaneni, ni haki yenu, lakini kabla hata moja haijatoka kwenye begi zipigeni picha zote pamoja na begi lenyewe, kadi za alama, kadi ya uanachama, picha ya mzee akiwa uwanjani kama ipo. Andikeni kwenye karatasi nani alimpa, mwaka gani, alicheza wapi, na wazee waliobaki waulizeni sasa wakiwa bado wanakumbuka. Mnunuzi anayejua kazi yake analipia hiyo karatasi, na klabu ikiulizwa itaitaka pia.

Picha nipigeje ili mtu aweze kunisaidia?

Nje, asubuhi, kivulini, bila flashi. Kila stiki: uso, mgongo, chini, shingo kwa karibu, muhuri wa kwenye mpini ukiinamisha kidogo ili herufi zitoke, kishikio, halafu nzima ikiwa imelala pembeni ya futi kamba. Alama ya mhunzi ikiwa imefifia weka tochi ya simu ubavuni badala ya mbele, utaiona inajitokeza.